Kioo Chenye Nyuso Mbili

Vitabu vyetu vya fizikia vya shule karibu vyote husema neno lile lile kuhusu ionosfea: ni tabaka la juu la hewa linaloakisi mawimbi ya redio na kuyarudisha ardhini. Mwanafunzi anakariri, anapata alama zake, somo limekwisha. Mimi nasema hiyo ni nusu ya somo, nayo humfanya mtoto adhani kuwa anga liliumbwa kwa ajili ya matangazo yetu.

Kioo kinachoturudishia sauti zetu ndicho hicho kinachozirudisha juu sauti za nyota. Mawimbi ya mbinguni yaliyo chini ya takriban megahezi 10 kwa kawaida hayatufikii. Yaliyozidi hapo kidogo hupenya, lakini hupindwa, hata chanzo chake kikaonekana kuyumba kama jiwe chini ya maji yanayotikisika.

Je, wataalamu walikata tamaa? La. Karl Jansky, mhandisi wa Marekani, alikuwa ametumwa kutafuta kinachoharibu mazungumzo ya simu za redio. Mwaka 1933 alitangaza kwamba mchakacho mmoja, alioupokea kwenye megahezi 20.5, ulitoka katika Njia Nyeupe, upande wa buruji ya Kausi. Kelele ndiyo iliyokuwa habari. Mwaka 1954 Grote Reber alihamia Tasmania, ambako usiku wa kipupwe, jua likiwa tulivu, tabaka hilo hudhoofu na kuachia mawimbi marefu zaidi. Huko Uholanzi, mtambo wa LOFAR uliozinduliwa mwaka 2010 uliunganisha maelfu ya antena, na ilibidi kompyuta zake zipime vurugu za ionosfea kabla ya kuchora picha ya nyota. Hivyo kizuizi chenyewe kikawa somo.

Wapo watakaosema hayo ni mambo ya wenye fedha. Hoja hiyo ni hafifu. Mwalimu mwenye redio ya masafa mafupi anaweza kuwaagiza wanafunzi waandike ni vituo gani vya mbali vinavyosikika mchana, na vipi vinavyojitokeza baada ya machweo. Watakuwa wameipima ionosfea kwa masikio yao, bila senti ya ziada.

Lakini mwalimu anayeamuru, "Zima hiyo, ni kelele tu," hata Jansky angemtoa darasani.