Sanduku liko kwa mama mmoja, mzigo ni wetu wote

Wamama wapendwa, juma hili tuongee juu ya sanduku la chuma, lile la AVEC lenye makufuli matatu. Feza zilizo ndani ni za watu ishirini na zaidi, lakini anayelala nazo nyumbani ni mama mmoja. Je, tumemlinda namna gani?

Namna hii ya kuchanga ilianza kwa wanawake wa Maradi, katika inchi ya Niger, mwaka wa 1991. Makufuli matatu hayako kwa ajili ya jambazi. Jambazi anapiga nyundo, ama anabeba sanduku zima na kwenda. Makufuli yanatulinda sisi kwa sisi: hakuna anayefungua peke yake, na hakuna wa kusingiziwa bure. Kwa hiyo mama anayelinda sanduku asiwe na ufunguo hata mmoja. Funguo zishikwe na wamama watatu wasio katika komite, wasioishi nyumba moja wala kuwa wa jamaa moja. Kabla ya kufunga, feza zihesabiwe kwa sauti, na kila mmoja ashike jumla kichwani. Kikao kinachofuata kianze kwa kutaja jumla ile ile.

Ulinzi mkubwa zaidi ni sanduku jepesi. Feza iliyokopeshwa haiko chini ya kitanda cha mtu. Iko sokoni, katika unga, mafuta na makala, inazaa. Hatari inakuja mwisho wa mzunguko, wakati mikopo yote inarudishwa kusudi watu wagawane. Wakati huo tarehe isitangazwe barabarani. Mgawane mchana, siku ile ile feza zinapotimia, kusudi sanduku lisilale limejaa hata usiku mmoja.

Vikundi vingine vinapeleka feza zinazozidi katika COOPEC, na ni vizuri, kama sahihi zinazoombwa kwa kutoa feza ni zaidi ya moja. Wengine wanaziweka katika simu, kwa M-Pesa ama Airtel Money. Hapo tuangalie: namba ni ya mtu mmoja, na anayejua tarakimu za siri anatoa zote. Simu ni sanduku lenye kufuli moja.

Tusisahau mambo madogo. Noti ya dola yenye kupasuka kidogo tu inakataliwa kwetu, hata kama noti ya franka iliyochakaa inapokelewa. Basi dola zikae zimenyooka, ndani ya mfuko wa plastiki. Sanduku liwekwe juu ya mbao, mbali na unyevu. Na kwa sababu karne za wanamemba zinafungiwa humo humo, katibu aandike jumla ya kila mmoja katika daftari la pili linalokaa nyumba nyingine. Sanduku likipotea, hesabu zisipotee nalo.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo vikundi vingi havipendi kulitaja. Majambazi wakigonga usiku, mama afanye nini? Awape. Watoto wake wako ndani, na feza inatafutwa tena. Lakini asubuhi, nani analipa? Kama kanuni za kikundi hazisemi kitu, mama huyo anaibiwa mara mbili: usiku na watu wenye silaha, mchana na macho ya wenzake. Wanaanza kunong'onezana kwamba pengine mume wake alijua. Wengine wanataka auze mbuzi, hata parseli, alipe feza ambayo hakuila.

Hii siyo haki. Kanuni iandikwe mapema: sanduku likichukuliwa kwa nguvu, hasara ni ya wote, kila mmoja kwa kipimo cha hisa zake. Hivyo hivyo kwa moto. Wamama wa Goma wanakumbuka usiku wa tarehe 22 Mei 2021, wakati Nyiragongo ililipuka na watu wakakimbia na watoto mgongoni. Nani angemuuliza mama kwa nini hakurudi kuchukua sanduku? Lakini makufuli yakikutwa mazima na feza zimepungua, hilo ni jambo lingine, na wenye funguo watatu waulizwe mbele ya wote.

Tena, kabla ya kumpa mama sanduku, aulizwe kama anakubali, na watu wa nyumba yake waulizwe pia. Awe na haki ya kusema: mzunguko huu nimechoka, lipelekwe kwa mwingine.

Kikao kijacho, kabla ya kununua hisa, someni kanuni zenu kwa sauti. Tafuteni mstari unaosema nini kitafanyika sanduku likiibiwa. Kama haupo, uandikwe siku hiyo, na kila mmoja atie sahihi ama kidole.

Tuonane juma lijalo.