Tela lipimwe kwa barabara ya Gesima

Kila mwaka mitambo mizito huletwa vijijini kwa fedha za umma au za wakulima: matingatinga, greda, mashine za kusaga mawe, matangi ya mvuke ya viwanda vya majani chai. Mjadala huwa mkali kuhusu bei ya mtambo na aliyeshinda zabuni. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza mtambo huo utabebwa na tela la namna gani. Kwa maoni yangu, swali hilo lastahili kutangulia, hasa kwa sehemu kama Gesima katika Kaunti ya Nyamira.

Reli iliyofika Kisumu mwaka 1901 haikupitia Gusii. Kwa hiyo kila chuma kizito kiendacho Gesima hukamilisha safari yake barabarani, tena kupitia vilima, kona kali na udongo ambao mvua huugeuza utelezi.

Chukua mfano wa mashine ya kuchimba yenye uzito wa tani 20 na kimo cha mita 3. Sakafu ya tela bapa la kawaida huwa yapata mita 1.5 juu ya ardhi. Mashine ikipakiwa humo, kilele chake kitafika mita 4.5, na hapo nyaya za umeme zimo hatarini. Isitoshe, kitovu cha uzito hupanda. Mwalimu wa fizikia hahitaji maabara kuwaeleza wanafunzi wake yatakayotokea dereva akikata kona kwa kasi mteremkoni. Ndiyo sababu wasafirishaji hupendelea tela la sakafu ya chini, isiyofikia mita moja kutoka ardhini.

Lakini tela hilo nalo lina kasoro yake, ambayo waandishi wa zabuni huisahau. Tumbo lake ni refu na liko karibu na ardhi, hivyo hukwama mahali barabara inapoinuka ghafla: kwenye tuta, kwenye kalvati, au pale njia ya kijijini inapoiacha lami. Tela lililotoka Mombasa salama laweza kushindwa na mita 10 za mwisho. Likikwama, njia hufungwa, na malori ya kukusanya majani chai husimama nyuma yake. Majani yaliyochumwa hayangoji mtu. Huharibika, na hasara ni ya mkulima asiyehusika kamwe na zabuni hiyo.

Kuna pia suala la mizani. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013 inaruhusu gari na mzigo wake kufikia tani 56. Wengi huishika namba hiyo na kusahau kwamba ekseli nazo zina vikomo vyake: tani 18 kwa ekseli mbili zinazofuatana, tani 24 kwa tatu. Mtambo ukisogezwa nyuma mno, ekseli za tela hulemewa hata kama jumla ni halali. Hiyo ni kanuni ya wenzo, wala si hila ya askari wa mizani. Na kalvati la kijijini huvunjwa na ekseli inayolipita wakati huo, si na jumla iliyoandikwa kwenye stakabadhi.

Mradi wa umeme wa upepo wa Ziwa Turkana ulisafirisha mitambo 365 kutoka Mombasa, mwendo wa kilomita zipatazo 1,200. Ilibidi kilomita 208 za barabara kutoka Laisamis zitengenezwe upya. Gesima haiwezi kufanyiwa hivyo kwa ajili ya mashine moja. Hapa ni tela litakalolazimika kuifuata barabara.

Basi mtu atangulie na kamba ya kupimia: apime upana wa madaraja, kimo cha nyaya, ukali wa kona. Ikionekana tela refu halitapita, mtambo uhamishiwe tela fupi huko Keroka, au uletwe vipande vipande, au ukodiwe mdogo zaidi. Wapo wasemao kwamba mtambo wa minyororo ushushwe tu ujiendee wenyewe. Yaani lami tuliyoingoja miaka mingi iparuliwe ili kuokoa kodi ya tela kwa siku moja!

Ningependa kila hati ya zabuni ya kaunti itaje kimo cha sakafu ya tela, idadi ya ekseli zake, na jina la afisa aliyeipima njia.