Amwagwa Kisa Mtoto Ana Sikoseli! Nani Kasema Ugonjwa Una Kabila?

MITANDAO imewaka. Staa mmoja wa Bongo Fleva, jina kapuni, anadaiwa kummwaga mzazi mwenzake baada ya mtoto wao kukutwa na sikoseli, yaani selimundu.

Kuachana si habari, mastaa wanaachana kila siku. Kinachokera ni ndugu wa jamaa kutamba eti "kwetu Pwani ugonjwa huo haupo, tumeletewa na watu wa Kanda ya Ziwa", halafu mashabiki kibao wanapiga laiki.

Jamani, mtoto hapati sikoseli kwa mama peke yake. Lazima arithi kwa mama na kwa baba. Kwa hiyo jamaa naye kabeba kinasaba, kapiga nacho shoo miaka yote bila kuumwa, maana mwenye kimoja tu kwa kawaida ni mzima wa afya.

Ni kweli kinasaba hiki hakijasambaa sawa. Daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa Afrika Mashariki na mwaka 1954 akachapisha majibu: wabebaji ni wengi pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, wachache mno nyanda za juu kwenye baridi. Umesikia? Pwani imo!

Na sababu si kabila wala mkosi. Ni malaria. Penye mbu wengi, mtoto mwenye kinasaba kimoja alikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kunusurika malaria kali, akakua, akazaa, akakirithisha. Ndiyo maana kipo hadi India, Saudi Arabia na Ugiriki. Na huko nako ni Kanda ya Ziwa?

Huku watu wakirushiana matusi, Tanzania inakadiriwa kupata watoto wapatao 11,000 wenye sikoseli kila mwaka. Wabebaji wawili wakizaa, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuleta mtoto mgonjwa. Kipimo chake ni cha damu tu. Lakini wachumba wa mjini wanapima gauni, wanapima suti, damu hawapimi. Likitokea la kutokea, anatafutwa mwanamke wa kubebeshwa lawama.

Mtoto yule anahitaji kliniki na baba. Kabila la mama yake halimtibu.

Wadau, nyie na wachumba wenu mmepima? Dondosheni komenti.