Kanisa si Shamba la Baba

Ndugu zangu, nimechoka na hii hoja kwamba mtoto wa kwanza wa mwanzilishi ndiye anayeyajua maono ya baba yake, kwa hiyo apewe kanisa. Nyumba inarithiwa. Shamba linarithiwa. Lakini wito? Tangu lini wito ukapita kwenye damu?

Hebu tulitazame Jeshi la Wokovu. William Booth na mkewe Catherine walianza kazi hiyo mashariki ya London mwaka 1865. Hati ya mwaka 1878 ikampa Booth mamlaka ya kumteua mrithi wake peke yake. Alipofariki Agosti 1912 ikafunguliwa bahasha, na ndani yake jina la Bramwell, mwanawe wa kwanza.

Sitamwonea Bramwell. Alikuwa Mnadhimu Mkuu wa baba yake kwa miaka zaidi ya 30, na kazi aliijua. Najua watetezi wa urithi watanirukia: "Si unaona? Alistahili!" Haya, alistahili. Sasa kama mtu anastahili, kura anaiogopea nini? Na kama damu ndiyo inayobeba maono, mbona watoto wengine wa Booth, Ballington mwaka 1896, kisha Kate na Herbert mwaka 1902, waliliacha Jeshi baba yao akiwa hai?

Utamu wa urithi uliisha mwaka 1928. Bramwell akaugua sana, lakini kiti hakutaka kukiachia. Januari 1929 Baraza Kuu likakutana na kupiga kura ya kumwondoa. Akakimbilia mahakamani. Februari 13 wakapiga kura tena, wakamwondoa, wakamchagua Edward Higgins, mtu asiye wa ukoo wa Booth. Juni mwaka huo huo Bramwell akafariki. Fikiria mzee wa miaka 73, aliyetumika tangu ujana, anamaliza safari yake kwa kesi na wenzake! Hiyo bahasha ilimwumiza hata yeye mwenyewe.

Mwaka 1931 Bunge la Uingereza likapitisha sheria, na habari ya bahasha ikaisha. Tangu hapo Jenerali anachaguliwa. Na mwaka 1934 alichaguliwa nani? Evangeline Booth, binti wa William! Kwa hiyo jamani msinisingizie kwamba nawachukia watoto wa wachungaji. Mtoto apite, ila apitie mlango ule ule wanaopitia wengine.

Jeshi hilo lilifika Kenya mwaka 1921 na Tanganyika mwaka 1933, na bado lipo. Kumwondoa mtoto wa mwanzilishi hakukuliua.

Sasa turudi kwetu. Wewe unayetoa zaka kila mwezi, unawajua wajumbe wa bodi ya wadhamini ya kanisa lako? Ni waumini, au ni baba, mama na watoto? Kiwanja mlichochangia, mpaka wajane wakatoa walichokuwa nacho, hati yake imeandikwa jina la nani? Mchungaji akifa leo, nani anachagua?

Uliza sasa hivi, mzee akiwa hai na ana nguvu za kujibu. Ukisubiri msiba utaambiwa huna adabu, na wakati huo bahasha itakuwa imeshafunguliwa.

Naomba kutoa hoja.