Takwimu za kazi: Baba Dogo imefichwa wapi?

Nimekuwa kimya kwa muda, kazi za wateja zimenibana. Lakini wiki juzi kijana mmoja wa mtaani aliniletea swali dogo ambalo limeninyima usingizi. Anaandika ombi la pesa za mradi wa vijana, na fomu inamtaka aeleze ni vijana wangapi katika eneo lake hawana kazi. Akaniambia, "Kaka, wewe ni mtu wa kompyuta, nitafutie hiyo namba." Nikamwambia anipe dakika kumi. Hapo ndipo nilipojitia kitanzi mwenyewe!

Kwa wasioijua Baba Dogo: tuko mashariki ya Nairobi, eneo la Ruaraka, majirani zetu ni Lucky Summer na Korogocho. Barabara yetu ina viwanda vingi, na kila asubuhi kabla ya saa moja utakuta watu wamesimama kwenye mageti wakingoja kuchaguliwa. Ukichaguliwa una kibarua cha siku hiyo. Usipochaguliwa unarudi nyumbani au unajaribu mjengo. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na kazi Jumatatu, asiwe nayo Jumanne, na akawa nayo tena Alhamisi. Ukitaka kumhesabu mtu kama huyo lazima umuulize vizuri.

Na serikali ilimuuliza. Sensa ya usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti 2019 ilikuwa ya kwanza nchini kutumia tableti badala ya karatasi, na ilihesabu watu 47,564,296. Kati ya maswali yake lilikuwepo hili: katika siku saba zilizopita, ulikuwa ukifanya nini hasa? Makarani walipita hapa kwetu ploti kwa ploti. Kwa hiyo jibu la yule kijana lipo. Liko kwenye hifadhidata ya KNBS, shirika letu la kitaifa la takwimu.

Haya, nikafungua vitabu vya sensa. Juzuu ya pili inatoa idadi ya watu mpaka kwenye kata ndogo. Safi kabisa. Juzuu ya nne ndiyo yenye habari za kazi, na hapo nikagonga ukuta, kwa sababu majedwali yanaishia kwenye kaunti ndogo. Nairobi ilikuwa na kaunti ndogo 11 katika sensa hiyo, nyingine zikiwa na watu chini kidogo ya laki mbili na nyingine karibu milioni moja. Humo ndani Baba Dogo imechanganywa na watu wa maghorofa ambao hawajawahi kusimama kwenye geti la mtu.

Nikajaribu ripoti za nguvukazi za kila robo mwaka. Hizo zina faida yake. Ndizo zilizotuonyesha kwamba kiwango cha ukosefu wa ajira kilipanda kutoka asilimia 5.2 katika robo ya kwanza ya 2020 hadi 10.4 katika robo ya pili, korona ilipofunga kila kitu. Lakini ni namba za nchi nzima. Sina ugomvi na hilo, maana zinatokana na sampuli ya nyumba chache, na ukizikata mpaka kwenye wadi moja utabaki na nyumba za kuhesabu kwa vidole. Namba ya namna hiyo haina maana yoyote. Sensa haina kisingizio hicho, kwa sababu iliuliza kila mtu.

Nilipomlalamikia rafiki yangu anayefanya kazi na data, alinijibu kwa neno moja tu. Siri.

Sasa, ndugu msomaji, kabla hujakasirika nami, nataka niitetee hiyo siri, kwa sababu nimewahi kuivunja.

Miaka kadhaa iliyopita shirika moja dogo (nisilitaje) lilinipa kazi ya kupanga matokeo ya utafiti wake kuhusu vibarua wa viwandani. Nikatengeneza majedwali kwa jinsia, zamu na kiwango cha malipo. Kisanduku kimoja kilikuwa na watu wanne tu, wanawake wa zamu ya usiku waliosema wanalipwa chini ya wenzao. Nikajiona mjanja, nikakiwekea nyota badala ya namba. Lakini jumla ya safu nikaiacha palepale pembeni! Mtu yeyote mwenye kalamu angetoa hizo nyingine kwenye jumla akabakiwa na nne. Ripoti ikachapishwa. Haukupita muda mrefu, mmoja wa wale wanne akaambiwa getini kwamba jina lake halipo tena. Siwezi kuthibitisha kwamba ni jedwali langu lililomponza. Lakini pale walikuwa wanne tu, na msimamizi anajua kutoa.

Tangu siku hiyo nimejifunza kwamba ukificha kisanduku kimoja lazima ufiche na cha pili, wakati mwingine na cha tatu, ili hesabu isirudi nyuma. Kuondoa majina pia hakutoshi. Mwaka 2000 mtafiti wa Marekani, Latanya Sweeney, alikadiria kwamba asilimia 87 ya Wamarekani wanaweza kutambulika kwa vitu vitatu tu, yaani tarehe ya kuzaliwa, jinsia na namba ya posta. Hapa kwetu hata hivyo vitatu ni vingi. Andika "mwanamke, miaka 50 na zaidi, fundi wa kuchomelea, kata ndogo fulani" na mtaa mzima utakutajia nyumba yake.

Kwa hiyo Sheria ya Takwimu ya 2006, inayokataza kutoa majibu ya mtu mmoja mmoja bila idhini yake ya maandishi, ina kazi yake. Mwaka huohuo wa 2019 watu walikuwa wametoka tu kwenye usajili wa Huduma Namba, na hapa plotini nilimsikia mama mmoja muuza mboga akimwambia karani kwamba hafanyi biashara yoyote. Alidhani kodi inamfuata. Mtu akiogopa hudanganya, na akidanganya jedwali lote linaharibika, hata ulichapishe kwa uwazi wa namna gani.

Sasa nakuja kwenye kinachoniudhi. Siri hiyohiyo inalinda pia kampuni. Tuseme katika eneo kuna viwanda viwili tu vya plastiki, na serikali ikachapisha jumla ya wafakanyakazi wao. Kila mwenye kiwanda atatoa wafanyakazi wake na kuijua idadi ya mpinzani wake. Ndiyo maana wanatakwimu wengi hawachapishi kisanduku chenye kampuni chini ya tatu. Naelewa, kampuni nazo zikiogopa zitaacha kujaza fomu. Lakini kwenye barabara kama yetu, yenye waajiri wachache wakubwa, kanuni hiyo inamfaa zaidi mwenye kiwanda kuliko yule mama wa zamu ya usiku. Idadi ya wafanyakazi wake si siri kubwa kihivyo. Simama mbele ya geti saa ya kubadilishana zamu uhesabu.

Na swali la yule kijana halimgusi mwenye kiwanda hata kidogo! Sensa huhesabu watu pale wanapolala, haihesabu pale wanapofanyia kazi. Ukichapisha ni vijana wangapi wa kata ndogo ya kwetu walifanya kazi katika siku saba zile, wangapi walitafuta na wangapi walikata tamaa, hakuna kampuni inayoonekana. Kata ndogo ya Nairobi ina maelfu ya watu. Gawanya kwa jinsia na makundi matatu ya umri, basi. Usiingize kazi mahususi, usiingize elimu. Sioni ni nani atakayetambulika hapo.

Ukiwa bado na wasiwasi, dawa zipo, na nyingine ni rahisi mno. New Zealand huzungusha kila namba ya sensa hadi kwenye kigawe cha 3, juu au chini kwa bahati nasibu. Kumi na moja inaweza kutoka kama 12 au 9. Kwenye maelfu ya watu huoni tofauti, lakini mjanja wa kutoa na kujumlisha anachanganyikiwa. Niliiandika programu ya kufanya hivyo jioni moja nikinywa chai, haikuzidi mistari 20. Marekani katika sensa ya 2020 walikwenda mbali zaidi, wakachanganya kelele za kihesabu ndani ya namba zenyewe, na jimbo la Alabama likawashtaki mwaka 2021 kwa sababu hiyo. Mimi nasema tuanze na hiyo ya New Zealand. Halafu kanuni iliyotumika iandikwe juu ya jedwali ili kila mtu aijue.

Sina hamu ya kuona faili zima likimwagwa mtandaoni. Kwa watafiti KNBS tayari ina utaratibu wa kuomba data za tafiti zake zilizoondolewa utambulisho, na huo ubaki. Nakumbuka pia shangwe ya Julai 2011, Rais Kibaki alipozindua tovuti ya data huria, na sisi wa programu tukakesha tukichora ramani. Miaka michache baadaye ukiingia humo ulikuta faili nyingi ni zilezile za mwanzo. Kufungua mlango siku moja kwa tarumbeta ni rahisi. Jedwali la kata ndogo kila baada ya sensa, katika faili ambalo kompyuta inaweza kulisoma (si PDF, tafadhalini!), litatusaidia zaidi.

Katiba ya 2010 ina vifungu viwili ambavyo huwa navisoma pamoja, cha 31 kuhusu faragha na cha 35 kuhusu haki ya kupata habari. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 za kujibu. Kwa hiyo nimekaa na yule kijana tukaandika barua. Tumeomba jedwali moja tu, la kata ndogo yetu, hali ya kazi kwa jinsia na makundi matatu ya umri, namba zote zikiwa zimezungushwa. Tumeeleza na namna ya kuzungusha.

Leo ni siku ya tisa. Fomu yake ya mradi inafungwa siku ya thelathini, na kwenye kile kisanduku cha idadi ya vijana, kwa sasa, ameandika kwa penseli: "tunangoja".