Acha Kipanya, Tumia Q na W

Wahariri wengi wa video za harusi hulalamika kwamba tarakilishi zao ni za polepole. Mimi nasema kinachowachelewesha ni kipanya. Katika Premiere Pro, bonyeza L video iende, K isimame, J irudi nyuma. Mstari wa kuchezea ukifika unapotaka kukata, Q huondoa sehemu ya klipu iliyo kabla yake, W huondoa iliyo baada yake, na pengo hujifunga lenyewe. Kwa kipanya ungekata, uchague, ufute, kisha usogeze. Zidisha hayo kwa mikato mia mbili, uone usiku unaishia wapi! Mashine mpya itaharakisha kutoa faili ya mwisho, lakini haitakukatia klipu. Kabla hujakopa pesa za kuinunua, jifunze herufi hizi tano kwanza.