Kwa nini Mbuzi Huanguka na Mchungaji Wake Husimama

Wale wakaao Goma waijua njia iendayo Sake, ukitoka mjini kwa upande wa magharibi. Huko, kati ya mawe meusi ya volkano, mna mashimo na vibonde vyenye majani mabichi ya kupendeza. Mbuzi huyaona, hushuka, huinamisha kichwa apate kula, na mara magoti yake hulegea. Mchungaji wake pengine amesimama karibu naye wala haoni neno. Mahali kama hapo wenyeji hupaita mazuku, na wengi wamedhani kwamba pana pepo mbaya.

Pepo hapana, lakini mwuaji yupo. Tukitaka kumfahamu, yatupasa kwanza kuifuata damu ya mbuzi katika safari yake.

Moyo wa mbuzi, kama wetu sisi, una vyumba vinne. Viwili vya kuume hupokea damu iliyotoka mwilini, yenye wekundu wa giza, na kuisukuma mapafuni. Viwili vya kushoto huipokea ikirudi kutoka mapafuni, nyekundu ya kung’aa, na kuipeleka toka pembe hata kwato. Samaki wa ziwa Kivu hana makuu hayo: moyo wake una vyumba viwili, na damu ikiisha kupita matamvuani huenda moja kwa moja mwilini. Chura anavyo vitatu, tena hupumua hata kwa ngozi yake, ndiyo sababu hapendi kukauka. Panzi ndiye wa ajabu kuliko wote, maana hewa humwingia kwa matundu ya ubavuni na kufika kila mahali kwa mirija, wala haingoji damu kuibeba. Lakini turudi kwa mbuzi wetu.

Damu yafanya nini mapafuni? Yafanya biashara. Yachukua oksijeni, nayo yaacha gazi kaboniki, yaani taka ya hewa itokayo katika chakula kilichotumika mwilini. Ila katika soko hili hakuna anayechagua wala kukataa. Kila gazi hutoka penye wingi kwenda penye uchache, kama maji yateremkavyo mlima. Katika hewa safi, gazi kaboniki ni sehemu 4 tu katika 10,000. Katika damu ifikayo mapafuni yalingana na sehemu 6 hivi katika 100. Basi yatoka upesi, nasi twaipuliza nje bila kufikiri.

Sasa mtie mbuzi katika hewa ambayo gazi hiyo imepita 10 katika 100. Mlima umegeuka! Taka iliyopaswa kutoka sasa yaingia. Damu yawa chachu, mapafu yahangaika kama ya mtu aliyekimbia, ubongo walala. Gazi ikifikia 30 katika 100, pumzi chache zatosha.

Gazi hiyo yapanda kutoka chini ya milima ya moto, Nyiragongo na Nyamulagira, kwa nyufa za mawe. Haina rangi, nayo ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu, kwa hiyo hujilaza shimoni kama maji katika bakuli. Mchana jua na upepo huitawanya kidogo. Usiku na alfajiri, hewa ikitulia, bakuli hujaa. Hivyo mbwa na mbuzi hutangulia kufa, na mtoto aliyelala chini yumo hatarini kuliko mama yake aliyesimama.

Msichanganye mwuaji huyu na yule wa mbabula. Makala yanayowaka ndani ya nyumba iliyofungwa, kama watu wafanyavyo Bukavu usiku wa baridi, hutoa gazi nyingine, nayo haijilazi chini. Yashikamana na wekundu wa damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hata damu yazunguka imejaa mzigo usiofaa. Mwenye kulewa nayo husikia kichwa kuuma, halafu usingizi. Mbabula ikae nje, hata kama baridi ni kali.

Katika mazuku aliye hatarini sana ni mtu wa pili. Baba amwona mwanawe amelala shimoni, ashuka mbio akivuta pumzi kubwa, ainama kumwinua. Kwa kuinama tu amekitia kichwa chake ndani ya bakuli. Paza sauti, watu waje. Mvute aliyeanguka kwa kamba au kwa mti mrefu, wewe ukiwa juu penye upepo. Na ikiwa aliyeanguka ni mbuzi, nawe waiona kamba yake ukingoni, ivute. Kama kamba nayo imezama shimoni, mwache mbuzi, uende nyumbani.